Sanduku la Vyombo: Useremala wa Pujini na Historia Iliyomo katika Majina ya Zana



Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu, nadhani walionialika walitarajia nizungumzie mofolojia, somo ambalo nimelifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Naomba radhi. Leo nitazungumzia sanduku. Ni sanduku la mbao za mfenesi, refu kiasi cha mikono miwili na kitu, lisilo na nakshi wala njumu, ambalo mjomba wangu, seremala wa Pujini katika kisiwa cha Pemba, alilichonga mwaka 1972 ili atie vyombo vyake vya kazi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yangu ilikuwa kushika mbao zisiteleze na kukusanya maranda ya kukokea moto. Sikujua kwamba nilikuwa nimeketi mbele ya kamusi.

Ninalotaka kulidai ni jambo moja. Majina ya vyombo vilivyokuwamo ndani ya sanduku lile ni ushahidi wa historia ya pwani yetu, lakini ni ushahidi ambao tumezoea kuusoma vibaya. Tukikuta jina la zana limetoka Uajemi, Bara Hindi au Ureno, huharakisha kusema kwamba ufundi nao umetoka huko. Neno lina tarehe yake, kitu kina tarehe yake, na ujuzi wa mkono una tarehe yake ya tatu. Anayezichanganya tarehe hizo huishia kumnyang'anya fundi kazi yake na kumpa mtu mwingine.

Pujini

Pujini iko upande wa mashariki wa Pemba, kusini mashariki ya mji wa Chake Chake. Wengi wanaijua kwa ajili ya magofu ya Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi ya wenyeji humwita pia Muhammad bin Abdulrahman. Jina hilo la kupanga kwa kawaida huelezwa kwamba linatokana na kitenzi kukama, yaani mtu aliyewakama wanaume kama wakamwavyo ng'ombe. Husimuliwa kwamba watu wake walilazimishwa kubeba mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wakeze wawili wenye wivu wasionane wanapochota maji. Pearce, aliyekuwa Mkaazi wa Uingereza Zanzibar, aliyaandika baadhi ya masimulizi haya katika kitabu chake cha mwaka 1920. Baadaye, hasa katika miaka ya 1990, Adria LaViolette alifanya uchimbuzi wa kiakiolojia katika eneo hilo, na kazi hiyo imetuwezesha kusema kwa uhakika zaidi kwamba ngome ile ilikuwa hai katika karne ya 15. Ina boma kubwa la udongo, mfereji wa kuelekea baharini, na chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani mwake mna umbo la siwa lililofinyangwa kwa chokaa.

Wachimbuzi hupata vigae, mawe ya matumbawe, chokaa, ushanga na pengine kipande cha chuma kilicholiwa na kutu. Mbao hawazipati, kwani mchwa na unyevu wa Pemba humaliza kazi hiyo mapema. Hata hivyo hapana jumba la mawe katika pwani hii lililojengwa bila seremala. Upana wa vyumba vya nyumba zetu za kale uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba hivyo ni vyembamba na virefu. Aliyezichagua boriti, akazipima, akazikata na kuzipandisha alikuwa fundi wa mti, hata kama waandishi wa historia humtaja mwashi peke yake. Milango ilihitaji miimo, vizingiti na mfaa. Mfereji wa Pujini ulichimbwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, na vyombo hivyo viliundwa na watu wenye mashoka na tezo. Kazi yao yote imeoza. Kilichobaki ni majina.

Nimetumia neno vyombo kwa maana mbili katika aya moja, na sikukosea. Mjomba alikiita chombo kile alichokiunda ufukweni, alikiita chombo kile alichokiundia, na shangazi yake aliyekuwa jikoni aliviita vyombo vile alivyokuwa akiviosha. Sanduku lenyewe liliitwa sanduku la vyombo. Siku hizi twapendelea kusema zana, na neno hilo ni zuri, lakini tulipoliweka katika vitabu vya shule tuliupoteza mchezo huo wa maana ambao kwa mtu wa pwani ulikuwa jambo la kawaida kabisa.

Namna sanduku lilivyochongwa

Mfenesi ule ulikuwa wa jirani, ulioangushwa na upepo. Watu wawili waliupasua kwa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwingine chini, na aliyekuwa chini alitoka na nywele za manjano kwa unga wa mti. Mbao zilipangwa chini ya upenu, kati ya ubao na ubao pakawekwa vijiti ili upepo upite, zikaachwa tangu mavuno ya karafuu hadi masika yalipokwisha. Mjomba hakuwa na haraka nazo. Kila baada ya wiki kadhaa alizigeuza, akazigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Zilipokauka, alizipiga randa. Kwanza randa ndefu ya kunyoosha, kisha ndogo ya kulainisha. Aliuweka ubao usawa wa jicho na kuutazama kwa urefu wake kama anayelenga bunduki. Kisha alichukua gunia, na hapa sina budi kuwaeleza vijana kwamba sisemi gunia la mchele. Gunia ya seremala ni kipimo cha pembe mraba. Kwa gunia na ncha ya kisu, wala si kwa kalamu, alichora mistari ya kukatia. Nilimuuliza kwa nini hatumii kalamu. Alinijibu kwamba kalamu inaonesha mahali pa kukata, lakini kisu kimeshaanza kukata.

Sehemu ya pembe ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko zote. Mbao mbili zinapokutana pembeni, njia rahisi ni kuziegemeza na kuzipigilia. Yeye alizikata meno. Katika ncha za zile mbao mbili ndefu alikata meno yaliyo membamba shinani na mapana nchani, na katika mbao mbili fupi akachimba nafasi za kuyapokea, kila jino na nafasi yake. Jino la namna hiyo, likishaingia kutoka upande mmoja, haliwezi kuchomoka kwa kuvutwa kutoka upande mwingine, kwa sababu ncha yake ni pana kuliko mlango wake. Meno aliyaweka katika mbao ndefu kwa hesabu maalumu. Vishikio vya kamba ya makumbi vingekuwa katika mbao fupi, na sanduku lililojaa vyuma likiinuliwa na watu wawili, mbao fupi ndizo zinazovutwa nje. Meno yangezizuia. Angeyageuza, uzito wenyewe ungelifungua sanduku siku ya kwanza.

Alikata kwa msumeno mdogo, akiuacha mstari wa kisu uonekane nusu. Mabaki ya katikati aliyatoa kwa patasi na kwa juba, ile patasi nene na nyembamba ya kuchimbia matundu, akiipiga kwa nyundo ya mti. Alichimba hadi nusu ya unene kutoka upande mmoja, akaugeuza ubao, akamalizia kutoka upande wa pili, ili uso wa ubao usipasuke. Ubao wa tatu uliharibika. Jino moja lilivunjika kwa sababu yangu, maana niliulegeza mkono nilipoitwa na wenzangu kwenda kuogelea. Hakunigombeza. Aliukata ubao ule, na sanduku likawa fupi kwa vidole vinne kuliko alivyokusudia. Ndiyo sababu msumeno wake mkubwa haukuwahi kuingia ndani yake, ukawa unatundikwa ukutani maisha yake yote, na kila mgeni alipouliza mbona msumeno uko nje, mjomba alinitazama mimi.

Chini ya sanduku aliingiza ubao katika mfuo aliouchimba ndani ya mbao za ubavuni, bila kuufunga kwa gundi, ili mti ukitanuka wakati wa mvua upate nafasi. Kifuniko kilikuwa fremu yenye ulimi na tundu: ulimi wa ubao mmoja uliingia katika tundu la mwenzake, kisha akatoboa kwa keekee na kupenyeza kijiti kigumu. Ndani, upande wa kushoto, aliweka kibweta cha vitu vidogo: uzi, tupa, kipande cha nta, msasa. Bawaba na tumbuu vilitoka katika mlango wa zamani. Hicho ndicho chuma pekee katika sanduku zima.

Misumari

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu na nimesoma habari za mitepe, ile majahazi ya kushonwa kwa kamba bila hata msumari mmoja, nilimrudia mjomba nikiwa na nadharia tayari. Nilimweleza kwamba sanduku lake ni mrithi wa mtepe. Kwamba watu wa pwani tangu kale walikuwa na falsafa ya kuunganisha mti kwa mti. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mjomba, mwaka ule misumari ningeinunua wapi? Dukani haikuwamo."

Alisema kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bidhaa kutoka nje zilikuwa adimu mno Unguja na Pemba, na msumari ulikuwa miongoni mwake. Nadharia yangu ilianguka pale pale. Lakini baada ya kimya kidogo aliongeza kwamba hata kama misumari ingekuwapo, asingeitia katika sanduku la kukaa chini ya upenu karibu na bahari, kwa sababu chumvi huila misumari, na msumari ukiliwa huula mti.

Sikujua siku ile kwamba mjomba alikuwa ameingia katika mjadala wa kale sana. Katika karne ya 6, mwanahistoria wa Bizanti aitwaye Procopius alitaja habari iliyoenea wakati wake kwamba vyombo vya bahari ya Hindi hushonwa kwa kamba kwa sababu mwamba wa sumaku baharini ungevuta misumari. Aliikataa hadithi hiyo, akasema sababu ni kwamba watu wale hawakuwa na chuma cha kutosha. Karne nne baadaye al-Masudi, ambaye mwaka 916 alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman, alitoa sababu nyingine: maji ya bahari hii huyeyusha chuma. Wanahistoria wengi huiona Qanbalu kuwa ni Pemba. Basi uhaba wa Procopius na chumvi ya al-Masudi vyote viwili vilitoka kinywani mwa seremala wa Pujini, katika pumzi moja, wala hakuona kwamba sababu moja inaifuta nyingine.

Nami sioni. Periplus, kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani ya Azania, na kinataja pia bidhaa zilizoletwa huko kutoka Muza katika Yemeni: mikuki, mashoka madogo, majambia na misharasi. Hivyo ni vyombo vya kukatia na kutobolea. Karne ya 12, al-Idrisi anaeleza kinyume chake, kwamba Malindi na Mombasa zilikuwa na chuma na zilikifanyia biashara. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliyaona majahazi madogo ya Pemba, Mafia na Unguja, yaliyoshonwa kwa kamba na yenye matanga ya mikeka, na hakuyasifu hata kidogo. Pwani ilikuwa na chuma na bado ikashona. Uhaba peke yake hautoshi kuwa maelezo, na mapokeo peke yake hayatoshi.

Matabaka ya majina

Sasa tulifungue sanduku. Chini kabisa, mahali pa vitu vizito, palikuwa na shoka na nyundo. Haya ni maneno ya Kibantu ambayo ndugu zake yamezagaa katika lugha za bara, na hayakuletwa na jahazi lolote. Pembeni palikuwa na msumeno. Ninavyolichanganua neno hilo, ndani yake mna mzizi ule ule wa kisu, pamoja na meno: kisu chenye meno. Ikiwa uchanganuzi huo ni sahihi, basi kitu kipya kilipokewa bila kuazima jina. Watu walikitazama wakakiita walivyokiona.

Msasa ni mfano ninaoupenda zaidi. Leo kila mtu hulijua neno hilo kwa karatasi ya kusugulia mbao inayouzwa dukani. Lakini msasa ni mti, ambao majani yake yana ukwaruzo, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi haijafika. Karatasi ilipofika ilirithi jina la jani. Mtu akiiona karatasi ile imeandikwa jina la kiwanda cha ng'ambo, angedhani kwamba kulainisha mbao kumeanza na kiwanda hicho. Hapa kitu ni kigeni, jina ni la kwetu, na kazi ni ya kwetu.

Keekee nayo imejiita yenyewe kwa sauti yake. Ni chombo cha kutobolea kinachozungushwa kwa uta.

Juu yake lipo tabaka la Bara Hindi na Uajemi. Randa ni Kiajemi. Patasi ina ndugu yake katika lugha za magharibi ya Bara Hindi, na gunia ya seremala na gundi vivyo hivyo. Mbao za thamani za msaji zilitoka huko pia, ingawa jina lenyewe limetufikia kwa njia ya Kiarabu. Tabaka hili lina historia ya watu: meli za kusi na kaskazi, na katika karne ya 19 mafundi wa Kihindi waliofanya kazi Unguja, ambao baadhi ya mafundi wetu walikaa nao mkeka mmoja. Kiarabu kimetupa sanduku, msumari na kufuli. Kireno kimetupa kasha na parafujo, na hilo la pili linazidi kufa mbele ya skrubu. Wareno walifukuzwa Mombasa mwaka 1698, lakini neno lao la parafujo lilidumu midomoni mwa maseremala hadi siku zangu.

Hapa ndipo kosa hufanyika. Orodha kama hii ikipangwa katika jedwali, huonekana kana kwamba seremala wa Pemba alikuwa na shoka na nyundo tu, kisha akafundishwa na kila mpita njia. Lakini tazameni vitenzi. Kuchonga, kupasua, kukata, kutoboa, kukereza: vyote ni vya Kibantu. Randa ilipokuja haikuleta kitenzi chake; ikawekewa kupiga, tukapiga randa kama tupigavyo ngoma na pasi. Kukalafati jahazi ni kitenzi cha kuazima, nakiri, na mwenye kupenda ubishi ataniletea vingine viwili vitatu. Hata hivyo uwiano uko wazi. Majina ya vitu vinavyonunuliwa yameazimwa kwa wingi. Majina ya matendo ya mkono yameazimwa kwa uchache. Na tazameni pia majina ya sehemu: meno ya ubao, ulimi wa ubao, kichwa cha msumari. Fundi aliusoma mti kwa mwili wake mwenyewe.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa tafsiri kifungu cha Kiingereza kuhusu maungio ya pembe za sanduku. Karibu wote waliandika mkia wa njiwa, kwa sababu Waingereza wameliona umbo lile wakakumbuka mkia wa ndege huyo. Hakuna aliyekwenda kumtazama seremala. Wala siwalaumu sana, kwani nasi wenye kuunda istilahi tumefanya hivyo hivyo mara nyingi: twakaa mezani na kamusi ya lugha nyingine, ilhali hatua mia moja kutoka mezani pana mtu aliyeyachonga meno hayo tangu asubuhi.

Waliosikiliza na wasiosikiliza

Askofu Edward Steere hakuwa mwanaisimu kwa maana yetu ya leo, lakini katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870 aliorodhesha keekee sehemu kwa sehemu: chuma chenyewe, msukano, yaani mti unaokishika chuma hicho, jivu, yaani kishikio ambamo msukano huzunguka, na uta wa kuuzungushia. Huwezi kupata maneno manne kama hayo kwa mwalimu wa chuoni. Bila shaka Steere alisimama mbele ya fundi na kuuliza hiki ni nini na hiki je. Nimewauliza wanafunzi wa shahada ya uzamili, vyumba vitatu mfululizo, jivu ni nini, na wote wameniambia habari za moto.

Pemba imebahatika kuwa na washairi wakubwa, kina Kamange na Sarahani, na bahati hiyo imetupofusha kidogo. Whiteley alipochapisha utafiti wake mwaka 1958 aliuita kwa jina la lahaja na tungo za Pemba, na utafiti huo una thamani kubwa. Tuliomfuata tuliendelea na tungo, methali, vitendawili na viambishi vya lahaja. Nami nilikuwa mmoja wao. Katika miaka ya 1980 nilikwenda Pujini na kinasa sauti, nikamrekodi mjomba akisoma mashairi aliyoyahifadhi, kanda tano nzima. Katika kanda ya tatu yasikika mlio wa randa, kwa sababu alikuwa akifanya kazi huku akisoma, na yasikika sauti yangu ikimwomba aiweke chini ili isiharibu rekodi.

Mjomba alifariki katika miaka ya 1990. Sikuwahi kumwuliza majina ya vyombo vyake kimoja kimoja.

Kuna upande mwingine wa kutosikiliza, nao una bei yake. Makasha ya pwani yenye njumu za shaba yamekusanywa na kuandikiwa. Kitabu cha Sheila Unwin cha mwaka 2006 kimeitwa The Arab Chest, ingawa kitabu chenyewe kinaonesha kwamba makasha mengi yanayoitwa ya Kiarabu yalitengenezwa Bara Hindi. Jina la muuzaji limeshinda jina la mtengenezaji. Na sanduku la kazi lisilo na shaba halimo katika kundi lolote, kwa hiyo halina jina sokoni wala kabati katika makumbusho. Miaka michache iliyopita dalali mmoja kutoka mjini alifika kwa binamu zangu akataka kulinunua sanduku la mjomba. Alisema atalipaka rangi nyeusi, atalipigilia njumu, na litauzika kwa watalii kuwa ni kasha la Kiarabu la miaka mia mbili. Binamu mmoja alitaka kuuza, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kulipiwa ada, na sina haki ya kumcheka. Mwingine alikataa. Nilipigiwa simu niamue, mimi niliyelifupisha kwa vidole vinne. Nililipa ada ile, na sanduku likabaki.

Nilipokwenda kulitazama, vyombo vingi vilikuwa vimekwisha kuazimwa na havikurudi. Ndani ya kibweta nilikuta kijiti cha mraba kilichopenyezwa katika kipande cha mti, na kwenye ncha ya kijiti palikuwa na msumari mdogo uliochongoka. Nilikikumbuka mara moja. Kwa chombo hicho mjomba alichora mstari ulio sambamba na ukingo wa ubao, kabla ya kukata meno. Jina lake hapana aliyelikumbuka. Walikiita kile cha mzee. Nilirudi chuoni, nikapekua kamusi za zamani usiku kucha hadi nikalipata: mahati. Limetokana na Kiarabu, kutoka neno lile lile lililotupa hati.

Kwa furaha ya mtu aliyeokota lulu, nilisafiri tena hadi Pujini. Mjukuu wa mjomba sasa ni seremala, hutengeneza vitanda na milango kando ya barabara. Nilikitoa kile chombo mfukoni nikamwambia, "Hii inaitwa mahati."

Alinipokonya kwa upole, akalegeza kabari kwa kidole gumba, akasogeza kijiti, akakaza. "Ah, shekhe, unasema geji," alisema. Kisha akaiegemeza kwenye ukingo wa ubao uliokuwa mbele yake, akaivuta mara moja, na mstari ukatokea, mwembamba na ulionyooka, kutoka ncha hadi ncha.